Simba Wanyika: Simba aliyepitia Arusha akangurumia Nairobi

WAPENZI wa muziki wa dansi jijini Arusha wanapolisikia gita la Simba Wanyika katika vipindi vya zilipendwa, wengi huamini kuwa wanasikiliza bendi ya Kenya. Hawakosei sana, kwa kuwa bendi hiyo ilianzishwa Kenya, ikarekodi Kenya na kujipatia jina Kenya. Lakini waanzilishi wake walikuwa Watanzania, na kabla ya kuvuka mpaka walikuwa na bendi nyingine iliyobeba jina la mji uliopo chini ya Mlima Meru: Arusha Jazz.

Aliyekuwa kinara wa safari hiyo ni marehemu Wilson Peter Kinyonga, mwimbaji, mtunzi na mpiga gita. Pamoja na mdogo wake, marehemu George Peter Kinyonga, alijenga kundi lililodumu kwa zaidi ya miaka 20 na ambalo ndani yake walitoka wanamuziki waliounda bendi nyingine zilizotikisa Afrika Mashariki. Maisha yake ya kisanii yanaweza kusomwa kama historia ya kijana mwenye kipaji. Yanaweza pia kusomwa kama jibu la swali ambalo limekuwa likiulizwa kwa miaka mingi: kwa nini baadhi ya sauti bora za Tanzania zilihifadhiwa katika santuri za nchi jirani?

Kutoka Tanga ya mkonge

Safari ya Wilson na George katika muziki ilianzia Tanga. Mwaka 1966 ndugu hao walijiunga na Jamhuri Jazz Band, moja ya bendi kubwa za mji huo, ambayo awali ilijulikana kama Young Nyamwezi. Jina hilo la kwanza linaeleza mengi kuhusu Tanga ya wakati huo. Mashamba ya mkonge yaliwavuta vibarua kutoka pande zote za nchi, na watu hao walikwenda na ngoma zao, lugha zao na kiu yao ya burudani ya mwisho wa wiki.

Neno "jazz" katika majina ya bendi za enzi hizo halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Lilimaanisha bendi ya dansi, yenye magita, ngoma na mara nyingine tarumbeta au saksafoni, iliyopiga rumba, chacha na mitindo mingine iliyotokana na santuri za Cuba. Ndiyo maana kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz na, huko huko Tanga, Atomic Jazz, iliyokuwa mshindani mkubwa wa Jamhuri.

Ushindani huo ulikuwa shule. Mpiga gita aliyetaka kubaki jukwaani Tanga alilazimika kuwa na mtindo wake, kwa sababu mashabiki walizijua nyimbo za kila upande na hawakusita kuhama ukumbi. Katika miaka hiyo pia gita la Nicolas Kasanda wa Kongo, aliyejulikana kama Dokta Nico, lilikuwa kipimo cha kila kijana aliyeshika gita la solo. Namna yake ya kupiga noti zilizo wazi, tamu na zisizo na pupa ilisikika baadaye katika kazi zote za ndugu wa Kinyonga.

Arusha ya mwaka 1970

Mwaka 1970 Wilson na George waliondoka Tanga na kwenda Arusha. Huko, wakiwa pamoja na ndugu yao mwingine, William, waliunda Arusha Jazz.

Mji waliouingia haukuwa mkubwa. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta wakazi wapatao 32,000 tu. Hata hivyo, jina lake lilikuwa limekwisha kuvuka mipaka. Mapema mwaka huo wa 1967 ndiko Azimio la Arusha lilikopitishwa, na mwezi Desemba mji huo ukawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watumishi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walihamia huko na familia zao. Watu wenye mshahara wa kila mwezi, walio mbali na nyumbani kwao, ni wateja wazuri wa kumbi za muziki.

Jiografia nayo ilikuwa na sauti yake. Kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kwa barabara ni takriban kilomita 650. Kwenda Nairobi kwa njia ya Namanga ni kilomita 270 hivi. Kwa mwanamuziki aliyesimama katikati ya Arusha, mji mkuu wa jirani ulikuwa karibu zaidi kuliko mji mkuu wa nchi yake kwa zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata, 1971, ndugu wa Kinyonga waliifuata barabara hiyo ya kaskazini. Jina la Arusha Jazz likaachwa nyuma, na Nairobi wakazaa jina jipya: Simba Wanyika, yaani simba wa nyika.

Kwa nini Nairobi?

Ni rahisi kudhani kuwa walikimbilia fedha tu. Ukweli ni kwamba walikwenda mahali ambapo muziki ungeweza kuwa bidhaa.

Tanzania ya miaka ya 1970 haikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri. Bendi nyingi zilizotaka kusikika ziliitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo ilirekodi nyimbo zao katika studio zake na kuzirusha hewani. Huduma hiyo iliokoa hazina kubwa ya muziki wa taifa, kwani bila kanda hizo nyimbo nyingi zingepotea kabisa. Lakini wimbo uliorushwa redioni haukununuliwa dukani. Ulimpa mwanamuziki umaarufu, ambao aliugeuza kuwa riziki kwa kiingilio cha mlangoni tu.

Aidha, vyombo vya muziki vilikuwa ghali na viliagizwa kutoka nje. Mara nyingi vilikuwa mali ya mwenye bendi, iwe mtu binafsi, klabu, jumuiya ya wafanyakazi au chombo cha dola. Mpiga gita hodari angeweza kufanya kazi miaka 10 bila kumiliki gita alilolipiga. Akigombana na mwenye vyombo, aliondoka mikono mitupu.

Nairobi ilikuwa na mfumo tofauti. Tangu kabla ya Uhuru mji huo ulikuwa na makampuni ya kurekodi, studio, kiwanda cha santuri na maduka ya kuzisambaza. Katika miaka ya 1960 studio ya Equator Sound iliwakusanya kina Fadhili William na Daudi Kabaka. Miaka ya 1970 makampuni ya kimataifa, yakiongozwa na Phonogram ambayo baadaye ilijulikana kama PolyGram, yalitafuta bendi za kuimba kwa lugha inayonunulika kutoka Mombasa hadi Kampala. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, na Watanzania walikuwa nacho kwa wingi.

Hata waliobaki nyumbani waliitegemea Nairobi. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka wa Morogoro, ambaye wengi humhesabu kuwa mwimbaji mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, nyimbo zake ziliingia katika santuri kupitia soko hilo hilo la Kenya. Alifariki dunia mwezi Januari 1979 baada ya ajali ya gari Mombasa, akiwa kazini.

Muziki wenyewe

Kilichowafanya Wakenya wawapokee ndugu hao si uraia wao bali ulaini wa muziki wao. Nyimbo za Simba Wanyika hazikuwa na haraka. Gita la kati lilishika mwendo, gita la besi likatembea chini yake kwa hatua zinazohesabika, na gita la solo likaingia kila mwimbaji alipopumzika, kana kwamba ni mtu wa pili katika mazungumzo. Sauti ziliimba kwa pamoja bila kupiga kelele. Baada ya beti, wimbo ulibadili mwendo na kuchemka, waimbaji wakawaachia wapiga magita uwanja, na wachezaji wakajaa sakafuni.

Umbo hilo lilioana vyema na santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, hivyo wimbo mrefu wa ukumbini uligawanywa vipande viwili. Sehemu ya kwanza, yenye beti na kisa, iliwekwa upande wa mbele. Sehemu ya pili, yenye magita, iliwekwa upande wa nyuma. Watangazaji wa redio mara nyingi walipiga upande wa kwanza. Aliyetaka kucheza hadi mwisho alilazimika kuinunua santuri yenyewe.

Mada zilikuwa za maisha ya mjini: mapenzi yaliyovunjika, ndugu wanaosahauliana, fedha inayomwinua mtu na kumwangusha. Majina kama Mwongele, Haleluya na Shilingi Yaua Tena Maua yanakumbukwa hadi leo. Kiswahili chake kilikuwa safi na chepesi, kiasi kwamba Mkenya wa bara aliyejifunza lugha hiyo shuleni au kazini alikifuata bila taabu, na Mtanzania hakuona kuwa kimeharibiwa.

Mwaka 1978: nyumba inagawanyika

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1978. Wanamuziki kadhaa waliokuwa uti wa mgongo wa bendi walijitoa kwa pamoja. Miongoni mwao alikuwa Omar Shabani, maarufu kama Profesa Omari, mpiga gita la kati. Mpiga besi Tom Malanga na mpiga ngoma Rashid Juma nao waliondoka. Kwa bendi ya rumba, kuwapoteza watu hao kwa mara moja ni sawa na nyumba kupoteza msingi huku paa likibaki.

Walioondoka waliunda Les Wanyika. Jina hilo lilikuwa na ujanja ndani yake. Walichukua kipande cha jina la bendi mama na kukitanguliza kwa neno la Kifaransa, kwa kufuata mtindo wa bendi za Kongo zilizokuwa zikitamba. Muda mfupi baadaye, mwaka 1979, wimbo wao wa Sina Makosa ulivuma kila kona ya Afrika Mashariki na hadi leo hauna mpinzani katika sherehe za watu wazima. Mwimbaji Issa Juma naye alianzisha Super Wanyika Stars. Kutoka katika kikundi kimoja kilichovuka Namanga, Nairobi ikapata ukoo mzima wa bendi.

Wilson hakufunga virago. Alitafuta wapigaji wengine, akawafundisha, akaendelea kurekodi. George naye kwa kipindi alirekodi kwa jina la Orchestra Jobiso. Majina mengi kwa watu wale wale halikuwa jambo la ajabu Nairobi, kwa kuwa kila jina lilikuwa njia ya kuingia katika mkataba mwingine. Mwanamuziki aliyelipwa kidogo kwa kila santuri alijaribu kuziba pengo kwa kuongeza idadi ya santuri.

Mpaka unapofungwa

Wakati nyumba ya Wanyika ikigawanyika, nyumba nyingine kubwa zaidi ilikuwa imekwisha kuanguka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Namanga, lango walilopita ndugu wa Kinyonga miaka sita kabla, likawa ukuta.

Kwa Arusha hasara ilikuwa dhahiri. Mji uliojengwa juu ya matumaini ya umoja ulibaki na ofisi bila jumuiya. Kwa wanamuziki hasara ilikuwa ya aina nyingine. Waliokuwa Nairobi walijikuta ugenini kuliko walivyokuwa siku waliyofika. Soko la nyumbani lilikuwa upande mmoja, kiwanda cha santuri upande wa pili, na katikati hapakuwa na njia halali ya gari la biashara kupita. Kilichoendelea kupita ni mawimbi ya redio, ambayo hayaulizwi pasi ya kusafiria.

Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Novemba 1983, baada ya Marais Julius Nyerere, Daniel arap Moi na Milton Obote kukutana Arusha na kukubaliana juu ya mgawanyo wa mali za Jumuiya. Lakini miaka iliyofuata haikuwa rahisi kwa wasanii wa kigeni Nairobi. Watanzania na Wakongo waliokuwa wamejenga sehemu kubwa ya muziki wa mji huo walihitaji vibali vya kazi, na upatikanaji wake ulibadilika kadiri upepo wa siasa na malalamiko ya wasanii wenyeji yalivyovuma.

Santuri nayo ilianza kupotea njia. Kanda za kaseti zilikuwa rahisi kubeba na rahisi zaidi kunakili. Duka moja lenye mashine mbili liliweza kutoa nakala kwa siku nzima bila senti moja kumfikia mtunzi. Nyimbo za Wanyika zilisikika katika mabasi, baa na harusi kuliko wakati mwingine wowote, ilhali biashara iliyowapeleka Nairobi ilikuwa ikiyeyuka.

Ulaya, kisha kimya

Sifa za bendi zilifika mbali zaidi ya Afrika Mashariki. Wasikilizaji wa Ulaya, ambao miaka ya 1980 walianza kuutafuta muziki wa Afrika, waliugundua ulaini wa magita ya Nairobi, na bendi ilizuru huko. Mwaka 1992 albamu ya Pepea ilitolewa Uholanzi, safari hii katika diski, ikiwa na rekodi safi zinazodhihirisha kila gita lilikuwa likisema nini.

Furaha hiyo haikudumu. George alifariki dunia mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1992. Mwaka 1995 Wilson naye akamfuata, na Simba Wanyika ikafikia tamati. Upande wa Les Wanyika, Profesa Omari alifariki mwaka 1998 na mwimbaji John Ngereza mwaka 2000. Katika kipindi cha miaka minane tu, sehemu kubwa ya wale waliolijenga jina la Wanyika walikuwa wametangulia mbele ya haki.

Hakimiliki iliyochelewa

Mwaka 1999, miaka minne baada ya kifo cha Wilson, Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Chini ya sheria hiyo kikaundwa Chama cha Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Kenya nayo ilipata sheria yake mpya mwaka 2001. Kanuni ya msingi katika sheria za aina hiyo ni kwamba haki za mtunzi haziishi anapofariki, bali huendelea kwa miaka mingi kwa manufaa ya warithi wake. Wimbo unaopigwa katika hoteli, redio au basi ni mali inayopaswa kulipiwa, kama vile chakula kinachouzwa hapo.

Ugumu unakuja pale mtunzi alipozaliwa nchi moja, akarekodi nchi ya pili, mkataba wake ukashikwa na kampuni ya nchi ya tatu, na nyimbo zake zikasikilizwa leo kwa simu popote duniani. Katika hali hiyo, anayenufaika ni yule mwenye karatasi. Kwa kizazi cha Wilson Kinyonga, karatasi kilikuwa kitu cha mwisho kufikiriwa. Cha kwanza kilikuwa kupata gita, cha pili ukumbi, cha tatu studio.

Mwezi Novemba 1999 viongozi wa Kenya, Uganda na Tanzania walirudi Arusha na kusaini mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutumika Julai 2000. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inazungumzia uhuru wa watu na wafanyakazi kuvuka mipaka, ingawa uhuru huo umefungamanishwa na orodha za kazi ambazo kila nchi ilikubali kuzifungua. Kijana wa leo wa Ngarenaro au Engutoto mwenye kipaji anaweza kurekodi wimbo chumbani kwake na kuusambaza kabla ya jua kuzama. Hahitaji kiwanda cha santuri. Anachohitaji ni kile ambacho wakubwa wake hawakuwa nacho: mkataba anaouelewa, jina lake kusajiliwa kwa wimbo wake, na chombo cha kumfuatilia malipo yake pande zote mbili za Namanga.

Arusha Jazz ilidumu mwaka mmoja hivi, na jina lake leo linatajwa zaidi na wachunguzi wa muziki kuliko wenyeji wa mji wenyewe. Hata hivyo, mabasi madogo yanayoondoka Arusha kila alfajiri kwenda Nairobi bado yanafuata barabara ile ile ya mwaka 1971, na si ajabu dereva akiweka Mwongele kabla ya kufika Longido.